Niliondoka na jina la mama kwenye flash, mwili wake ukabaki kwenye folda nyingine

Wakuu, salaam kutoka Bukavu. Mvua imekatika tangu asubuhi, umeme upo, nimeona niutumie kabla haujabadili mawazo.

Mimi ni msomaji wa kimya humu. Nasoma, nacheka, napita zangu. Leo naandika kwa sababu juzi kuna mwenzetu aliuliza namna ya kupanga faili za mesh, nikasoma majibu yenu yote, na kuna jambo moja hakuna aliyeligusa. Mimi nalijua kwa kuwa lilinipata.

Sitatia chumvi. Mtu anayetia chumvi hujipendelea, na mtaona wenyewe kwamba humu sijapendelewa hata kidogo.

Kwa wasiojua tunaongea nini, nieleze kwanza. Wataalamu mtanivumilia.

Kuna programu za kompyuta za kupozisha watu. Unafungua, anatokea mtu mzima kwenye skrini, kanyoosha mikono pembeni kama anazuia mbuzi asipite. Kazi yako ni kumkunja: goti hivi, shingo vile, kidole kimoja kimoja. Unamvalisha, unaweka taa, unatoa picha. Umbo lake linaitwa mesh, yaani wavu wa nukta na mistari, maelfu kwa maelfu. Huo ndio mwili wake.

Mtego uko hapa. Mwili haukai pamoja na jina.

Kwenye programu yetu, mesh zote zinakaa kwenye folda inayoitwa Geometries. Kwenye folda nyingine, Libraries, kuna faili ndogo ya mhusika. Ina kapicha kake kadogo kama kucha, ina orodha ya mifupa yake, na ina anwani ya kuonyesha mwili uko wapi. Ukibofya kapicha, programu inasoma anwani, inakwenda kuuchukua mwili.

Halafu kuna faili za pozi. Hizo ni ndogo zaidi, na ndani yake hamna mtu kabisa. Ni namba tu: shingo digrii kadhaa, mgongo digrii kadhaa, kiwiko digrii kadhaa.

Mkishika hayo matatu, hamtanipotea.

Basi.

Tulikuwa wawili kwenye chumba kimoja cha ghorofani, Nyawera. Mimi na Tonton Birindwa. Hatuna undugu wa damu, ila huku kwetu mtu mzima aliyekufundisha kazi ni tonton, yaani mjomba, utake usitake. Yeye alikuwa mchoraji wa mkono, wa wino na rula. Zile picha za kufundishia zinazobandikwa kwenye kuta za vituo vya afya, mama ananawa mikono, baba anapeleka mtoto chanjo, nyingi za enzi zile huku mkoani ni za mkono wake.

Kompyuta zilipoingia wateja wakaanza kutaka picha za kompyuta. Tonton akanichukua mimi niliyekuwa nimetoka shule, tukajifunza wote.

Acheni niikumbuke kidogo ile enzi, jamani.

Tulikuwa tunakwenda cyber saa tatu asubuhi, tunaanza kushusha mesh moja ya bure, tunakaa. Tonton ananunua karanga. Saa saba mesh iko asilimia themanini, mtandao unakatika, tunaanza upya. Hatukuwa hata na hasira. Tulikuwa tunarudi na flash mfukoni, tunapanda mlima, ziwa liko chini pale, na tunabishana njia nzima kama yule mtu tuliyemshusha atakuwa na vidole vinavyokunjika.

Shida ilikuwa moja. Vitu vyote vya bure vilitengenezwa kwa ajili ya watu wengine. Askari wa kale wenye panga. Wanawake wenye mabawa. Mazimwi tulikuwa nayo matano. Mama mwenye mzigo, hakuna.

Hivyo Tonton akaanza kutengeneza mesh zake mwenyewe. Tukagawana kazi: yeye mesh, mimi pozi. Geometries ikawa nyumba yake, Libraries ikawa yangu. Aliipanga Geometries kwa akili anazozijua yeye, kila folda jina la mtu aliyempima. Kila nikiikaribia alikuwa ananiambia, na njo ya kwetu ni ndiye yenu:

"Usiguse kule. Kule miye njo najua kila kitu iko wapi."

Nami nilikuwa mtiifu. Niliitii sentensi hiyo mpaka ikanitokea puani.

Siku moja kituo kimoja cha afya kikatuagiza mabango ya kuwafundisha wamama wabebaji namna ya kubeba bila kuumia mgongo. Picha mbili. Ya kwanza, kubeba vibaya, ina msalaba mwekundu juu yake. Ya pili, kubeba vizuri, ina alama ya kijani.

Kwa ambao hamjafika huku: mwanamke wa kwetu habebi kichwani. Mzigo unakaa mgongoni, kamba inapita kwenye paji la uso, anainama, na shingo ndiyo inayovuta. Gunia zima la makala, yaani makaa ya kupikia, linashuka mlima namna hiyo.

Mama yangu alifanya kazi hiyo kwa miaka. Alikuwa anashuka kutoka Kabare na makala, ndizi, mihogo, chochote cha kubebwa. Shule yangu yote ilipita kwenye paji lake la uso.

Lakini hatuna hata picha moja ya mama akiwa na mzigo. Zake zote ni za kutoka kanisani: kitenge kipya, amesimama wima pembeni ya ua la plastiki. Ukimtolea simu akiwa njiani alikuwa anageuza uso.

"Acha! Picha iko ya dimanche, siku ya misa. Ya muzigo unataka kuonyesha nani?"

Tonton alimpata kwa ujanja mwingine. Alikwenda nyumbani na ruban, ile kamba ya kupimia ya fundi cherehani.

"Maman, sikupigi picha. Nakupima tu."

"Unanipima juu ya nini? Unanishonea robe?"

"Robe ya ndani ya ordinateur," akamjibu, yaani kompyuta.

"Basi ikuwe ya mikono murefu. Mule iko baridi."

Akakubali kupimwa. Bega, kifua, shingo, mzingo wa kifundo cha mguu. Siku nyingine akaja ofisini na mzigo wake mgongoni ili Tonton apime pozi kwa ile rapporteur ya kupimia pembe, kubwa ya mbao, ambayo walimu wanatumia ubaoni. Siku hiyo mimi nilikuwa Katana kwa mteja. Niliporudi nikawakuta wamemaliza, wanakula sambaza, vile visamaki vya ziwani, kwenye karatasi na kucheka kama watoto.

Tonton alikaa karibu miezi miwili na mesh ile. Alisukuma nukta moja moja. Wabebaji wana kibonde kwenye paji, pale kamba inapokaa miaka na miaka. Alikitengeneza mpaka ukiweka taa ya pembeni unakiona.

Tulipomwita mama aje ajione, alikaa kwenye kiti. Nikamzungushia mwili wake kwenye skrini. Ulipofika mgongoni akaninyooshea mkono nisimame.

"Mugongo yangu njo hii?"

"Njo hiyo, maman."

"Sijapata kuiona hata siku moja."

Halafu nikalazimika kumwambia kwamba picha yake ndiyo itakayopigwa msalaba mwekundu. Wakuu, nilikuwa nimeyazungusha maneno hayo kichwani siku tatu. Mama alinitazama, akamtazama Tonton, akaangua kicheko.

"Kumbe miye njo mubaya! Miaka yote ile nabeba mubaya, na mutoto akasoma muzuri."

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira, na sikujua ni hasira ya nani.

Kabla ya kuchapisha mabango kuna desturi ya kuwaonyesha kwanza walengwa, uone kama wanaelewa. Wakaitwa wamama wabebaji kama kumi hivi. Picha ya kijani wakaitazama kwa adabu. Ya msalaba mwekundu wakaisogelea. Mama mmoja mzee akasimama.

"Huyu njo siye. Munatupigia musalaba juu ya sababu gani? Mutupatie gari, tutaacha kubeba hivi."

 

Mteja akaamua picha ile iondolewe. Bango likatoka na ya kijani peke yake, mwanamke wa kubuni, mgongo wima kama mlingoti. Mama hakuchapishwa popote. Alibaki ndani ya kompyuta yetu tu: mesh kwenye Geometries, kapicha kwenye Libraries, na faili ya pozi ambayo Tonton aliipa jina la kazi, mbaya_3.

Baadaye Tonton akachoka na mji. Akarudi kwao Luberizi kulima mpunga wa familia, akaniachia kompyuta na chumba. Mwaka uliofuata mama akafariki. Aliugua siku chache tu.

Sioni aibu kuwaambia hili: nilikuwa namfungua. Sina kazi naye, sina mteja. Nabofya kapicha, anakuja, nampa pozi yake, nakaa naye wakati chai inapoa. Ile ndiyo ilikuwa sura pekee duniani ya mama yangu akiwa kazini, yule mama niliyemjua siku sita za wiki. Picha za kanisani ni za mtu mwingine mwenye viatu safi.

Sasa kosa langu.

Siku zile mji ulipotaharuki kwa habari za vita, kila nyumba ilikuwa inafunga vitu. Mliopitia mnajua: unabeba chepesi, unaacha kizito, na una nusu saa ya kuamua kipi ni kipi. Kompyuta ya mezani haibebeki. Nilikuwa na flash moja, tena nusu yake imejaa kazi za wateja.

Nikaenda Libraries. Nikakaona kapicha ka mama. Nikanakili faili yake na folda yote ya pozi. Ilichukua sekunde chache. Nakumbuka nilifurahi jinsi alivyo mwepesi.

Tena nikajifanya mjanja, nikahakikisha. Nikamfungua moja kwa moja kutoka kwenye flash. Akafunguka vizuri, mzima, hadi kibonde cha paji.

Bila shaka alifunguka! Anwani ilisema mwili uko Geometries, na Geometries ilikuwa bado iko palepale, ndani ya kompyuta ileile niliyokuwa nakaribia kuiacha. Nilikuwa nimepima koti la mvua nikiwa ndani ya nyumba.

Folda ile nzito sikuigusa. Miaka yote niliambiwa nisiiguse.

Tulirudi baada ya wiki kadhaa. Mlango ulikuwa umevunjwa. Kompyuta hakuna, meza hakuna, hata pazia hakuna. Nikapiga ishara ya msalaba nikamshukuru Mungu kwamba watu wote wa nyumbani wazima, na mama ninaye kwenye flash.

Ilinichukua miezi kupata laptop nyingine. Nikaweka programu, nikaingiza flash, nikabofya kapicha.

Likaja dirisha dogo la kuniambia faili ya mesh haionekani, nionyeshe iko wapi.

Nikabofya tena. Nikaizima laptop, nikaiwasha. Nikaifungua faili ya mhusika kama maandishi nikaisoma. Mifupa yote ipo na majina yake, na anwani ipo imeandikwa vizuri bila kosa: Geometries, folda ya Mama Nsimire. Nsimire ni mimi. Huku mama huitwa kwa jina la mtoto wake.

Mwisho wa anwani, hakuna kitu.

Nilijitukana kwa lugha zote nizijuazo. Mtu umefanya kazi hii zaidi ya miaka kumi, unawafundisha wengine, halafu unakimbia na jina unaacha mwili. Majuto ni mjukuu, lakini wangu alikuja mapema akanikalia mapajani.

Nikampigia Tonton. Luberizi mtandao ni wa kubahatisha, nilijaribu asubuhi nzima.

"Tonton, nilipoteza mesh ya maman. Uko na copie?"

"Nilikuwa na disque moja. Maji iliingia mu nyumba, ikaoza."

"Unaweza kuitengeneza tena?"



"Hapana, mwanangu. Macho yangu imechoka, na yeye hayuko wa kupima. Sitaki kukudanganya."

Nikamshukuru kwa kutonidanganya. Nilikuwa nataka kukata simu nikalie vizuri. Akaniuliza:

"Lakini pozi unayo?"

"Ninayo."

"Iweke ku yule mwanamuke wa programu. Mifupa ya maman nilijenga juu ya mifupa yake. Itakubali."

Yule mwanamke wa programu mnamjua, yule anayekuja bure ukisakinisha. Mrefu, kiuno cha nyigu, uso kama tangazo la sabuni. Sijawahi kumpenda. Nikamleta. Akasimama na mikono yake pembeni, hana habari na maisha. Simu nikaiweka mezani, spika wazi. Nikatafuta mbaya_3, haina hata kapicha, ni kijiboksi cha kijivu. Nikabofya.

Akainama.

Wakuu, sina namna nzuri ya kulisema. Uso si wake, mgongo si wake, hana mzigo, hana kitenge, hana chochote. Lakini shingo ilivyotangulia, goti la kulia lilivyolegea kidogo, nilimjua. Ni mama anashuka Kabare. Ningemjua hata katikati ya wabebaji mia.

Nikamzungusha nimwone pande zote. Upande wa kushoto nikaona kosa. Mbebaji hushika kamba kwa mikono miwili, karibu na masikio. Mkono wake wa kulia uko hapo. Wa kushoto umeshuka, umeachana na mwili kidogo, vidole vimekunjwa nusu. Niliwahi kuuona zamani nikadhani programu imeteleza, na kwa kuwa picha ya bango tuliipiga kwa ubavu wa kulia, sikuuliza. Safari hii nikauliza.

"Tonton, mukono ya kushoto iko na erreur. Haishike kamba."

"Haiko erreur."

"Sasa inafanya nini kule chini?"

"Ile siku nilimuambia maman ashike na mikono yote mbili. Akakataa. Akasema: ya kushoto iko ya Nsimire. Nikamuambia: maman, Nsimire iko mukubwa, iko na bureau yake ya kazi. Akasema: mukono haijui hiyo."

Nilikuwa na miaka mitano, sita hivi. Hakukuwa na mtu wa kubaki nami nyumbani, tulikuwa tunashuka wote, yeye na gunia na mimi pembeni, na njia ile ina utelezi. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Nililia, na Tonton hakukata simu wala hakusema pole. Alisubiri mpaka nikamaliza, akaniuliza kama mvua imenyesha huku.

Basi mwenzetu uliyeuliza juzi, jibu langu ni hili. Usimnakili mtu kwa kuangalia kapicha kake. Fungua faili ya mhusika kama maandishi, soma anwani, nenda mwenyewe kwenye Geometries uhakikishe mwili upo, uuchukue pamoja na folda yake kama ilivyo, usibadilishe jina hata herufi. Halafu jaribu kwenye kompyuta ya jirani, usijaribu kwenye yako. Ya kwako itakufichia kosa kwa upendo. Na folda uliyokatazwa kuigusa, omba uonyeshwe mngali wote hai na mnaelewana.

Waliowahi kupoteza mesh wakairudisha kwa njia yoyote, nielekezeni hapa chini, hata kama ni njia ya kuchekesha. Wenye kunicheka nao ruksa, nimeshazoea.

Kabla hamjaanza, niwaambie nilichofanya jana. Nilishusha mesh ya mtoto mdogo, ya bure, wa miaka kama mitano. Nikamweka upande wa kushoto wa yule mwanamke, nikauinua mkono wa kulia wa mtoto, nikamsogeza taratibu mpaka vidole vikaingia kwenye vile vilivyokunjwa nusu. Nilidhani nitalazimika kurekebisha pande zote mbili, kama kawaida. Nilimrekebisha mtoto tu. Mkono wa mama sikuusogeza hata digrii moja.